Mchele wa Mtu Mmoja

Benchi la Rai lina miguu mitatu na tofali moja, na limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la Mwanatumu pale Kombani, karibu na barabara inayokwenda Kwale. Ukikaa hapo unaona mambo mawili: magari yanayoshusha watu wa soko, na lango la ploti ya Chome, ambako wanafunzi wa chuo wamepanga vyumba kumi na viwili vinavyotazamana. Rai huja na dele lake la kahawa saa nane mchana, makaa yameshika chini yake, na vikombe huanza kuvigonganisha mkononi kabla hajakaa, ili wenyewe wajue. Wenyewe ni watatu. Kuna Harrison, mwalimu mstaafu, aitwaye Bunge kwa sababu hajawahi kuacha hoja ya mtu ikapita bila kuipinga. Kuna Kavumbi, fundi wa umeme ambaye kwao ni Kinango, aitwaye Satelaiti, maana hakuna kinachotokea kati ya Samburu na Diani asikijue kabla hakijatokea. Na kuna Matano, aliyepika katika hoteli za Diani miaka thelathini na mmoja, naye huitwa Shefu. Huyu wa mwisho ni mgeni kidogo kwenye benchi. Alianza kuja wiki tano zilizopita, wiki ile ile binti yake Yusra alipohama nyumbani Waa akapanga chumba namba tatu kwa Chome. Kila mtu kijiweni anajua kwa nini Shefu hukaa upande unaotazama lango, na kila mtu ana adabu ya kutosha asimwambie.

Alhamisi hiyo Matano alifika na neno mdomoni. Hakungoja kikombe.

— Saa kumi tuktuk ya Sanga inakuja hapa. Namhamisha Yusra. Godoro, ndoo, kila kitu. Anarudi nyumbani.

Rai aliacha kumimina kahawa.

— Kumezidi nini, Shefu?

— Mtoto hali chakula.

— Hali chakula, akauliza Bunge, au hali chakula chako?

Hapo hasa ndipo palipokuwa pakimuuma Matano. Kila Ijumaa alikuwa akimpelekea mwanawe hotpoti: wali wa nazi na samaki wa kupaka, au pilau, na mchicha pembeni. Ijumaa tatu Yusra alipokea. Ya nne akairudisha kama ilivyokuja, kifuniko hakijaguswa, akasema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomchoma: "Baba, usiniletee tena. Nina mpango wangu wa kula." Ya tano hakuipokea hata mkononi. Mtu aliyewahi kuwalisha Wajerumani mia tatu kwa jioni moja wakamwita atoke jikoni wampigie makofi, akarudi Waa kwa bodaboda na samaki wake mapajani.

— Eti mpango wa kula, akasema Bunge, akivuta kikombe chake. Kula kuna mpango gani? Unasikia njaa, unakula. Mimi nimekula hivyo miaka sitini na minane.

— Wewe umewekewa sahani miaka sitini na minane, akasema Kavumbi. Ni tofauti.

— Tusitoke kwenye mada. Shefu, nisikilize mimi, nimefundisha watu hawa. Mwanafunzi wa chuo hula matangani. Wana orodha. Kila msiba kutoka Tiwi mpaka Matuga umeandikwa, siku ya mazishi, siku ya arubaini, na kama kutachinjwa mbuzi ama ng'ombe. Mwezi uliopita nilikuwa Ng'ombeni kwenye matanga ya mzee Karisa, nikamwona kijana mmoja wa chuo analia kumshinda mjane. Nikamsogelea, nikamwuliza, marehemu alikuwa nani wako? Akanitazama, akaniuliza, kwani ni mwanamume au mwanamke?

Rai alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye sahani. Matano hakucheka. Alikuwa akimwona Yusra wake ameketi mkekani kwa watu asiowajua, anangoja sinia.

— Hayo ya zamani, mwalimu, akasema Kavumbi. Siku hizi wanakula kwa simu. Unaniona nacheka? Kuna watu kazi yao ni kujirekodi wakila. Mtu ana kamba wakubwa kama mkono wangu, anatafuna mbele ya kamera saa nzima. Mtoto anajilaza kitandani, anatazama. Akimaliza kutazama ameshiba. Anakunywa maji, analala.

— Tumbo halina macho, Satelaiti.

— Na wewe ukipita pale kwa mama wa viazi vya karai, mate yanakujaa kabla hujanunua. Nani ameuambia mdomo?

Bunge alifungua kinywa apinge, akakosa pa kushika, akanywa kahawa.

Rai ndiye aliyeyaharibu mambo kabisa. Yeye husema mara chache, na kwa hivyo husikilizwa.

— Mimi sitaki kusema kitu juu ya mtoto wa mtu, akasema. Ila mimi kila siku asubuhi hupita hapa nikienda kununua mkaa. Saa moja kasoro. Nawaona wasichana wawili, mmoja ni Yusra, wanatoa kitu chumba namba saba. Kimefungwa blanketi. Wanakibeba kwa mikono miwili, hatua ndogo ndogo, hawasemi. Wanakiingiza namba tatu, wanakilaza, wanafunga mlango, wote wanakwenda zao chuoni. Saa nane wanarudi, wanakaa, wanakula. Jiko halijawashwa. Moshi hakuna. Sokoni hajaenda mtu. Mimi najiuliza tu, hicho chakula kimetoka wapi?

Lori la mawe lilipita, wakangoja vumbi litue.

— Marehemu bibi yangu, Rai akaendelea kwa sauti ya chini, alimjua mwanamke mmoja kule Msambweni. Halimi, havui, hapiki. Akiingia ndani, sahani imejaa. Alikuwa na jini wa kumlisha. Na jini yule sharti lake lilikuwa moja tu. Asile chakula cha mkono wa mtu mwingine, hata wa babake.

Wote watatu waligeuka kumtazama Matano. Sasa Matano si mtu wa kuamini kila neno la kijiweni, na alikwisha kusikia majini mengi katika jikoni za Diani, hasa nyama ilipopungua kwenye friji. Lakini alihisi jasho likimtoka nyuma ya masikio. Hotpoti iliyorudi bila kufunguliwa kifuniko. Hata kunusa hakunusa, mtoto aliyelelewa kwa harufu ya tui.

— Audhubillahi, akasema. Saa kumi ni mbali. Nakwenda kumtoa sasa hivi.

— Keti, Shefu, akasema Kavumbi. Jini nimemwona mimi.

Akaweka kikombe chini, jambo ambalo Satelaiti halifanyi ila kwa habari kubwa.

— Nilikuwa sitaki kusema. Fundi haondoki na maneno ya ndani ya nyumba za watu. Lakini nikinyamaza mtamletea mtoto mganga. Jumanne Chome aliniita, soketi ya namba tatu ilikuwa inatoa cheche. Yusra alinifungulia, yeye na mwenzake wa Kinango, Kahaso, mtoto wa kwetu. Pembeni ya kitanda kuna pakacha kubwa. Ndani ya pakacha, nyasi kavu. Juu ya nyasi, lile blanketi. Nikamwuliza, mwanangu, hapo mmemlaza nani? Akacheka. Akafunua. Mna sufuria, kifuniko kimefungwa kwa leso. Akafungua leso, Shefu, mvuke ukanipiga usoni. Pojo, hizi ndengu. Zimeiva, zimepasuka, zinasimamisha kijiko.

— Zilipikwa saa ngapi?

— Saa kumi na mbili na nusu asubuhi zilichemka robo saa, kwa jiko la gesi la namba saba, maana hilo moja ndilo la ploti nzima. Basi. Moto ukazimwa, sufuria ikavikwa blanketi ikalazwa kwenye nyasi. Wao wakaenda kusoma. Zikajipikia zenyewe.

— Uongo, akasema Bunge.

— Nilikula, mwalimu. Bakuli mbili.

Matano alikuwa ameketi tena bila kujua. Kichwani alikuwa amesimama jikoni kwake kwa zamani, mbele ya majiko kumi na sita yanayowaka toka alfajiri hadi wageni walale, shati limegandia mgongoni, na alikuwa akifuata ile sufuria hatua kwa hatua kama mpishi anavyofuata: pojo zimelowekwa usiku, zimechemka zikashika moto mpaka ndani, kifuniko hakifunguliwi, joto halina pa kutokea. Litakwenda wapi? Litabaki hukohuko, litafanya kazi. Ni kweli. Inawezekana. Miaka thelathini na mmoja aliunguza gesi ya matajiri wa watu, na hili halikumpitia akilini hata siku moja, na mtoto wa miaka ishirini amelifanya kwa blanketi.

— Subhanallah, akasema polepole.

— Bado, akasema Kavumbi. Ukutani kuna karatasi. Kubwa, ya manila. Wako sita, vyumba vitatu. Kila siku imeandikwa chakula chake na mwenye zamu. Jumatatu pojo, na wanaofunga sunna wanawekewa yao ya magharibi. Jumanne pojo tena, maana hulowekwa za siku mbili. Jumatano sima na mboga ya mchunga, Kahaso hutumiwa unga kutoka nyumbani, mahindi yakiwapo. Kuna mmoja wa kwao Gazi huleta dagaa. Kila anayekwenda kwao analeta kile kilichoko kwao, na kama kwao hakuna kitu, anachota maji au anaosha vyombo, imeandikwa. Na chini kuna masharti. Nimeyashika kwa moyo, nilikuwa natengeneza soketi polepole makusudi. Hakuna kula umesimama. Hakuna kula huku simu iko mkononi. Asiye na chake leo aseme kabla ya saa nne asubuhi, na haulizwi kwa nini.

— Rudia hilo, akasema Bunge.

— Lipi?

— La mwisho.

— Asiye na chake leo aseme kabla ya saa nne, na haulizwi kwa nini.

Bunge alivua kofia yake akaiweka gotini. Kwa muda alionekana kama mtu anayetafuta pingamizi, lakini aliposema, sauti yake haikuwa ya kupinga.

— Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwaka wa sabini na nane, kulikuwa na wiki nilikosa kabisa. Nilijifunika shuka, nikawaambia wenzangu nina malaria. Siku tatu. Kwenye kitanda kilichofuata changu kulikuwa na mwenzangu mwingine, naye amejifunika, naye ana malaria. Tulikuja kuambiana ukweli miaka kumi baadaye, kwenye semina, tukiwa na matumbo haya. Tulikuwa wanaume wazima na hatukujua hata kusema. Nani amewafundisha hawa?

— Hakuna, akasema Kavumbi. Nimemwuliza. Wamekaa wakapanga.

Rai akawajazia vikombe bila kuulizwa. Kulikuwa na kitu kimeshuka pale kijiweni ambacho kwa kawaida huwakuta msikitini au kanisani, na ilikuwa ajabu kukipata kwa sababu ya sufuria ya pojo. Wanaume wanne wazima walikuwa wakilitazama lango la mabati la Chome, lililopakwa rangi nusu, kama watu walioonyeshwa jambo kubwa.

Ila Matano alikuwa na donge lake bado.

— Na Ijumaa? akauliza. Kwenye hiyo karatasi, Ijumaa kumeandikwa nini?

Kavumbi akachukua kikombe akakitazama ndani.

— Satelaiti. Nimekuuliza.

— Kumeandikwa "cha Baba," Shefu. Kisha kumekatwa. Kwa kalamu nyekundu.

Neno hilo lilimwingia. Sasa alijua kwamba binti yake hali matangani, hali kwa simu, hana jini, anakula vizuri na kwa akili kuliko watu wengi wenye nyumba. Alipaswa kufurahi, na kweli alifurahi, lakini furaha ilikuwa imekaa juu ya maumivu. Watu sita wamewekwa kwenye karatasi ile, na yeye peke yake ndiye aliyekatwa. Alitazama saa ya simu yake. Dakika ishirini kufika saa kumi. Nitamhamisha tu, akajiambia. Atapika hivyo hivyo nyumbani, kwa blanketi akitaka, mimi nitamtafutia blanketi.

Hapo ndipo msichana mmoja alipotoka langoni kwa Chome akavuka barabara. Alikuwa mwembamba, na kandambili zake zilikuwa mpya, na alitembea kama mtu ambaye bado hajazoea njia. Alisimama mbele ya benchi, akainama kidogo.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, wakaitikia wote.

— Naitwa Jumwa. Nimekuja juzi kutoka Samburu, nimepanga namba kumi. Naenda kununua mchele dukani, lakini naona haya kumwuliza mwenye duka. Nimeambiwa hapa kuna mzee alikuwa mpishi mkubwa. Nilitaka kuuliza tu, mchele wa mtu mmoja ni kiasi gani?

Wazee walifurahi. Swali dogo, na jibu lipo mkononi.

— Inategemea njaa yake, akasema Kavumbi.

— Hilo si jibu, akasema Bunge. Mwambie kwa hesabu. Shefu, watu mia tatu walikuwa wakila kilo ngapi?

— Thelathini na sita.

— Thelathini na sita, gawanya kwa mia tatu. Gramu mia na ishirini. Andika, binti.

Jumwa alitikisa kichwa kwa heshima.

— Asante, mwalimu. Lakini sina mizani. Nyumbani tuko kumi na mmoja, mama hupima kwa ungo. Nauliza kwa mkono.

Bunge alitazama mkono wake, akaugeuza, akaurudisha kwenye kofia. Rai akasema kwake hupika mke wake. Kavumbi akasema na kwake pia. Macho yakamrudia Matano, na Matano akanyoosha kiganja chake kikubwa kilichounguzwa na mafuta mara nyingi, akakikunja kama bakuli, akakitazama, na hakuona kitu.

— Samahani, mzee, akasema Jumwa. Wewe ukijipikia peke yako, unatia kiasi gani?

Barabarani tuktuk ya Sanga ilikuwa imefika mapema, ikapiga honi mara mbili.

Matano alikuwa amewapikia watu mia tatu. Aliwapikia harusi, kisha akawapikia mkewe Mishi na Yusra, na Mishi alipofariki, miaka miwili sasa, akampikia Yusra. Alijaribu kukumbuka siku moja, katika wiki hizi tano, aliyowasha moto kwa ajili yake mwenyewe, akaikosa. Jumamosi hadi Alhamisi alikuwa akinywa kahawa ya Rai na kula kashata, akirudi nyumbani analala. Hakuwa ameliona jambo hilo mpaka mtoto wa watu alipouliza kiasi cha mchele. Aliona sasa kwa nini alitaka lile godoro lipakiwe kwenye tuktuk, na aliona aibu, kisha ile aibu ikapita akabaki na huzuni tupu.

Akainuka.

— Sanga, akaita, nenda zako, kaka. Hakuna mzigo.

Kisha akamwambia Jumwa, Twende tukaulize, na akavuka barabara pamoja naye.

Yusra alikuwa kizingitini mwa namba tatu anakunja blanketi. Alimwona baba yake, akamwona na Jumwa, akaliacha blanketi mikononi mwa Kahaso.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu. Mwenzako huyu ana swali, nami limenishinda. Anataka kujua mchele wa mtu mmoja, kwa mkono.

Yusra alimtazama. Halafu akasema, bila kumwangalia tena usoni:

— Nilikuja nyumbani Alhamisi moja, ukiwa huko kwenye kahawa. Masufuria yote yalikuwa makavu. Ule unga niliouacha haujafunguliwa. Ulikuwa unapika Ijumaa tu, baba, na ukipika unaniletea chote. Nikaona nikikirudisha, utakila wewe.

— Niliwapa majirani.

— Najua. Mama Kheri aliniambia.

Akaingia ndani, akatoka na kopo la mchele. Akapiga magoti, akamwonyesha Jumwa kwanza: konzi mbili za mkono wa msichana, zisizofurika, basi. Jumwa akajaribu, akarudia, akatabasamu. Kisha Yusra akamgeukia baba yake.

— Lete mkono.

Matano akakinyoosha kile kiganja. Yusra akachota konzi yake akaimimina humo, akachota ya pili, akaimimina juu yake polepole, na zote mbili zikaenea bila punje kuanguka.

— Hiyo ndiyo ya mtu mmoja, baba, akasema. Leo uile yote.